Ufa Ulionionyesha Asubuhi ya Idi

Mwanangu Rukia,

Umetoka saa tisa kwenda kuwaaga mama zako wadogo kule Dagoretti, na umesema utarudi kabla ya magharibi. Nimekaa kwenye meza ya jikoni. Begi lako liko sebuleni, limeshafungwa. Sitakuandikia habari za pasipoti, wala za nguo, wala za namna ya kuishi na watu usiowajua. Hayo umeyapanga mwenyewe katika ile bahasha ya kaki, vizuri kuliko ambavyo ningeyapanga mimi niliyekuwa karani miaka ishirini na sita. Nataka kukuandikia juu ya pikipiki.

Najua neno hilo halijatajwa humu ndani kwa miaka mitano. Uliliacha kwa sababu uliona linaniumiza. Mimi nililiacha kwa sababu nyingine, na sababu hiyo ndiyo barua yenyewe. Sikuandikii ili usiende. Mkataba umeshautia sahihi na ndege ni kesho. Wala sikuandikii ili unisamehe, maana nimelipima jambo hili kila upande na sioni mahali msamaha unapoweza kuingilia. Nakuandikia kwa sababu kuna maneno uliyasikia nusu, na nusu ya pili ninayo mimi.

Nianze na babu yako. Ulimjua akiwa mzee amekaa barazani Mombasa, mpole, anakugawia kashata. Mimi nilimjua akiwa fundi wa baiskeli pale Majengo, na hakuwa mpole. Siku moja, nikiwa na miaka kumi na miwili, niliharibu ekseli ya baiskeli ya mteja. Babu yako alininyang'anya spana mbele ya watu akasema, "Mikono hii ni ya kushika kalamu. Chuma kikiingia humo kimeharibika." Watu walicheka, naye akacheka. Sikushika spana tena mpaka mvi zilipoanza kuniota. Nilisoma, nikaja Nairobi, nikapata kazi katika ofisi ya mizigo mjini, ghorofa ya pili, nikajaza fomu za watu waliokuwa wakisafirisha vitu vya maana. Kila fundi niliyemwona akitoka chini ya gari na mikono myeusi nilimwonea wivu, na sikumwambia mtu.

Ile pikipiki ilikuwa ya tarishi wa ofisi aliyestaafu. Ilisimama chini ya ngazi miaka kadhaa, matairi yamekwisha hewa, watu wakizima sigara zao juu ya tangi. Ofisi ilipotaka nafasi ile, bosi akasema anayeitaka aiondoe. Niliazima pikapu ya jirani nikaileta Waithaka, nikaishusha uani kwetu. Mama yako alitoka jikoni akaitazama.

"Baba Rukia, hii ni ya kuuzia watu wa vyuma vikuukuu?"

Nikamwonyesha ukurasa niliouchana kwenye jarida la kigeni: pikipiki iliyonyooshwa miguu ya mbele mirefu, kiti chini karibu na ardhi, vishikio juu. Nikamwambia nitaifanya iwe hivi. Hii inaitwa chopa.

"Chopa si ile ya wanasiasa?" akasema. "Itaruka kwa hii ua yetu ndogo?"

Alicheka mpaka akaegemea ukuta. Mama yako alizaliwa hapa hapa Waithaka, akasilimu aliponikubali, na Kiswahili changu cha pwani kilimchekesha hadi mwisho. Tangu siku ile akaiita pikipiki mke mwenzake. Nikichelewa kuingia kula, alinipigia kelele dirishani, "Mwambie mke mwenzangu akupe chakula."

Ulikuwa na miaka kumi na mitano, na ulikuja mwenyewe. Sikukuita. Ulichuchumaa kando ya injini ukauliza kila kitu ni cha nini, na niliposhindwa kujibu ulikitoa ukakitazama. Ulizipanga nati katika makopo ya siagi na ukabandika karatasi juu ya kila kopo. Unakumbuka zile wiki mbili nilizopiga kiki mpaka goti likavimba, injini inakohoa tu na kuzima? Ulikuwa umekaa kwenye kizingiti unafanya hesabu za shule. Ukasema bila kuinua kichwa, "Baba, inavuta hewa pahali." Ukaja, ukapitisha kidole kwenye ule mpira unaounganisha karbureta na injini, ukapata mpasuko upande wa chini usioonekana. Tukabadilisha mpira. Ikawaka kwa kiki ya pili. Mama yako alitoka na mikono yenye unga, na watu wa plot ya nyuma wakachungulia juu ya mabati.

Nilikuambia siku ile, "Sikio lako ni zuri." Ni hilo tu. Nilipaswa kukuambia kwamba sijawahi kuona mtu mwenye kipaji kama chako, na kwamba kile babu yako alichokikosa kwangu kilikuwa kimerukia kwako. Sikusema, kwa sababu niliona haya kidogo na wivu kidogo. Naam, wivu. Niliiwasha pikipiki mbele ya majirani kana kwamba kosa nililigundua mimi.

Sasa nifike kwenye shingo.

Pikipiki haigeuki kuwa chopa mpaka uikate shingo ya fremu, pale inaposhikilia miguu ya mbele, uilaze nyuma, kisha uichomelee upya. Uzito wote wa mbele, na kila shimo la barabara, vinavuta pale. Nilijua hilo. Nililijua kwa sababu Bwana Jaswant aliniambia. Unamkumbuka: yule fundi Singasinga mwenye gereji nyuma ya maduka ya Adams Arcade, ambaye baba yake pia alikuwa fundi palepale. Nilimpelekea mchoro wangu. Aliutazama muda mrefu, akaukunja, akanirudishia.

"Bwana Athmani, wewe kata kila kitu nyumbani. Tangi, kiti, madigadi, sawa. Lakini shingo leta kwangu. Mimi nachoma na mashine kubwa. Umeme ya Waithaka jioni iko kama mshumaa, chuma hapana yeyuka mpaka ndani. Juu nazuri, ndani bure."

Nikamshukuru. Njiani kurudi nikaamua sitampelekea. Nilitaka siku moja mtu akiniuliza nani aliitengeneza, niseme mimi, yote, nyumbani kwangu. Kama Jaswant angeichomelea shingo, ingekuwa pikipiki ya Jaswant. Ndivyo nilivyofikiri, mtu mzima wa miaka hamsini.

Nikaazima mashine ya kuchomelea kwa jirani, nikachoma shingo jioni, saa za watu wote kupika, taa ya uani ikififia kila nilipogusisha kijiti kwenye chuma. Nilikuwa najua. Mshono ukatoka na matuta kama kovu. Ulikuwa mbaya, nikaona aibu, na kesho yake nikakupa grenda nikakuambia, "Usage huo mshono mpaka uwe laini kabisa. Nataka rangi ikae kama kioo."

Ukauliza, "Nikisaga sana si utapungua nguvu?"

Nikasema, "Saga. Nguvu iko ndani."

Hayo ndiyo maneno yangu, Rukia, neno kwa neno. Sijui kama unayakumbuka. Nadhani umeyasahau, kwa sababu mtoto anayebebeshwa lawama huanza kusahau chochote kinachomtetea. Ulisaga kama nilivyokuagiza, kwa uangalifu, ukipitisha kiganja kila mara. Kisha tukapaka puti, ule udongo wa kusawazisha chuma, tukapiga rangi nyekundu. Ilikuwa nzuri. Mpaka leo siwezi kusema haikuwa nzuri.

Ulikuwa ule mwaka matatu zote zilipopakwa mstari wa manjano. Miezi miwili niliiendesha peke yangu, Jumamosi, hadi Kawangware na kurudi. Vijana walisimama kunitazama. "Mzee, hii kitu ni noma," waliniambia, nami nikajifanya sisikii ili waseme tena. Mama yako hakupanda hata siku moja. Alisema hana haraka ya kuonana na malaika.

Asubuhi ya Idi uliamka kuifuta. Niliporudi kutoka kuswali ulikuwa umepiga magoti mbele yake na kitambaa mkononi. Ukasema, "Baba, hapa kwa shingo rangi imepasuka. Iko kama unywele."

Nikainama. Nikaona. Nikapitisha ukucha, na ukucha ukanasa. Rangi ikipasuka peke yake ukucha haunasi namna ile. Nilielewa. Nikasema, "Ni puti tu, imekauka vibaya. Nitairekebisha baada ya sikukuu."

Ukanitazama. Ukasema, "Una uhakika?"

Nikasema, "Mimi ndiye niliyeitengeneza."

Nilikuwa nimepanga kuipaki. Hilo nalo uamini au usiamini, halibadilishi kitu. Nilijiambia leo sitaitoa. Kisha alasiri, tumeshakula, mama yako akatoka chumbani amevaa lile dera jipya la zambarau, akasema, "Leo Idi. Nipeleke Adams nikakule aisikrimu na mke mwenzangu." Alikuwa amekataa miezi yote miwili. Aliniletea kama zawadi, Rukia, na wewe ulikuwepo, ulimwona alivyokuwa anajikaza asiogope. Mtu mwingine angesema, "Leo haiko salama." Maneno matatu tu. Lakini ningelazimika kusema mbele yako, wewe uliyeniambia asubuhi.

Helmeti ilikuwa moja. Niliivaa mimi. Kama ni kumpa yeye, tungesema itaharibu kilemba chake.

Tulifika ule mteremko kabla ya kituo cha Satellite. Alikuwa amekaa upande, mkono wake kiunoni pangu, ananiambia nisikimbize. Sikuwa nakimbiza. Hakukuwa na lori. Hapakuwa na gari lolote mbele yetu. Palikuwa na tuta, la kawaida, ambalo baiskeli za maziwa hulipita kila asubuhi. Gurudumu la mbele likapanda tuta, nikasikia chuma kikikatika, na vishikio vikabaki mikononi mwangu bila kushikamana na kitu.

Siku tatu alizolala hospitalini unazijua. Hakuamka.

Askari aliponiuliza, nilisema lori la kijani lilitubana likakimbia. Sijui kwa nini kijani. Neno lilitoka tu. Likaandikwa, na likishaandikwa likawa kweli ya kila mtu. Mjomba wako Kamau alilitafuta lori lile miezi mitatu. Kila Jumapili baada ya kanisa alisimama stendi ya Kawangware, na machinjioni Dagoretti, akiwauliza madereva. Alikuwa akipita hapa jioni kuniambia, "Bado, lakini nitalipata." Nikampa chai.

Sasa nifike siku ya tatu ya matanga. Fremu ilikuwa imerudishwa, imelala uani karibu na tangi la maji. Bwana Jaswant alikuja kutoa pole. Alivua viatu, akakaa na wanaume, kisha akainuka akaenda pale ilipo fremu, akachuchumaa, akaingiza kidole palipokatika. Nikamfuata. Akauliza, "Nani alisaga hapa?"

Nikasema, "Mtoto. Mtoto alisaga sana."

Nikainua macho, nikakuona. Ulikuwa umesimama mlango wa jikoni na sinia la vikombe. Uliliweka chini taratibu, hata kikombe hakikulia, ukaingia ndani.

Hapo ndipo ulipoondoka. Nusu uliyoikosa ni hii. Bwana Jaswant hakuinuka. Alisema, "Mtoto alisaga. Nani alichoma?" Nikatazama tangi la maji. Akasema, "Angalia hapa, Bwana Athmani. Hii chuma haikushikana. Hata bila kusaga ingekatika. Hata ingekuwa na tuta la chuma juu yake ingekatika. Mtoto hana makosa. Wewe utamwambia?"

Nikasema nitamwambia.

Akaniuliza mara mbili. Mara ya pili nikasema, "Leo usiku." Akavaa viatu akaenda, na tangu hapo kila nilipokutana naye Ngong Road aliniamkia vizuri, akaniuliza, "Mtoto mzima?" huku macho yake yakisubiri. Mwaka jana alifariki. Sikwenda kumuaga.

Lakini hata hilo si baya kuliko yote. Baya kuliko yote ni arobaini. Wageni walipoondoka ulinikuta nakunja mikeka, ukanishika mkono, ukasema kwa sauti ndogo, "Asante Baba kwa kusema ni lori." Nikaelewa ulichokuwa unafikiri. Ulifikiri nimewadanganya polisi na ndugu wote wa mama yako ili kukuficha wewe. Ulifikiri ninabeba siri yako. Nilikuwa na mkeka mkononi. Nikasema, "Haya, nenda ukalale."

Tangu siku ile umenitumikia kama mtu anayelipa. Chai kabla sijaamka. Mashati yamepigwa pasi. Hujawahi kunijibu vibaya, hata pale nilipostahili, na watu wanasema Athmani amebahatika binti. Nikayapokea yote. Barua ya chuo cha ufundi ilipokuja, ile ya mambo ya mitambo, ulisema, "Mimi na vyuma tuliachana," ukaitia kwenye jiko. Niliiona ikiungua. Nilikuwa na nafasi pale, na sufuria iko juu ya moto, na hatukuwa na mgeni. Nikasema Mungu atafungua mlango mwingine.

Mlango uliofunguka ni huu wa kwenda kufua na kufagia katika nyumba ya watu, ng'ambo, miaka miwili. Nilipokuambia nimesikia mambo mabaya yanayowapata wasichana kule, na kwamba una akili ya kufanya kazi kubwa zaidi, ulikuwa unaosha vyombo. Hukugeuka. Ulisema, "Kufagia hakuwezi kuua mtu, Baba."

Hiyo ni wiki tatu zilizopita. Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu na bado sijafungua mdomo. Nakuambia ili ujue baba yako ni mtu wa namna gani. Si kwamba sikujua. Nilijua kila siku.

Babu yako aliniambia mikono yangu inaharibu, na nikamwamini miaka arobaini. Halafu nikaja kukuambia wewe vilevile, nikijua si kweli, kwa sababu ilikuwa rahisi kuliko kusema kwamba yeye alikuwa amesema kweli juu yangu. Sina ushauri wa kukupa wenye thamani. Labda hili moja: mtu akikuambia wewe ndiye uliyeharibu, tazama kwanza yeye amesimama wapi anaposema. Na ukiuona ufa, usikubali kuambiwa ni rangi, hata na mtu unayempenda. Wewe uliuona. Uliniambia. Macho yako hayakukosea na mikono yako haikukosea. Mama yako alikufa kwa mshono wangu na kwa kiburi changu, na wewe ndiye mtu pekee katika nyumba hii aliyejaribu kumwokoa.

Jumapili nilikwenda kwa Mjomba Kamau. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamwambia hakukuwa na lori. Nikamwambia yote, mpaka arobaini. Aliendelea kukata mpaka fungu likaisha. Kisha akauliza, bila kunitazama, "Umeambia mtoto?"

Nikasema bado.

"Basi hujaniambia kitu," akasema. "Enda uambie yeye kwanza. Halafu usirudi hapa mpaka nikuite."

Hajaniita, na sidhani ataita.

Nilikuwa nimekusudia kuiingiza barua hii ndani ya begi, chini ya nguo, uikute ukishafika. Nililifungua begi saa moja iliyopita. Nikaona ulivyokunja kila kitu, nikaelewa ninachofanya: nataka uisome mahali ambapo huwezi kunipigia kelele, wala kunitemea mate, wala kunifungia mlango, nami niwe nimekaa hapa salama. Nikalifunga begi.

Huenda kesho usitake nikusindikize. Mwambie mama yako mdogo aje na wewe, nitaelewa. Huenda ukifika kule usipige simu. Sijui kama ukijua hivi utaenda ukiwa mwepesi au mzito zaidi. Nimefikiri huenda nakuvua mzigo na nakuvua baba siku ileile, na sina kingine cha kukupa badala yake.

Nimesikia geti. Unamsalimia Mama Brayo wa plot ya nyuma, anakuambia usimsahau ukirudi na dhahabu, nawe unacheka kidogo kwa adabu. Jua linazama. Ukifungua mlango nitakupa karatasi hizi mkononi, na nitasimama hapo hapo mbele yako mpaka umalize kuzisoma.

Baba yako,
Athmani